Ukuta wa ndani ya mzizi: unene wake una bei

Ukikata kipande chembamba cha mzizi mchanga wa mahindi na kukitazama kwa hadubini, utaona katikati yake mirija ya maji, na kuizunguka mirija hiyo safu moja tu ya seli zilizobanana. Safu hiyo ndiyo endodemisi. Kuta za seli zake zimefungwa mkanda wa lignini (dutu inayoupa mti ugumu), ambao Mjerumani Robert Caspary aliueleza mwaka 1865 na ambao hadi leo una jina lake. Mkanda huo huziba mianya iliyo kati ya seli na seli, hivyo maji na madini yaliyokuwa yakijipenyeza katika kuta hukwama hapo, na hayafiki kwenye mirija ila kwa kupita ndani ya seli hai, ambako protini za utando ndizo zinazoamua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Baadaye seli nyingi hupakwa pia suberini, ambayo ndiyo inayofanya gome la kizibo cha chupa lisipitishe maji.

Kwa kuwa suberini huzuia maji kupotea, hupunguza chumvi inayoingia na huoza polepole udongoni, wapo wanaotaka mazao yazalishwe yakiwa na suberini nyingi zaidi mizizini. Taasisi ya Salk, huko California, ina mradi wenye lengo hilo, kwa matarajio kwamba kaboni iliyomo itabaki ardhini kwa muda mrefu. Hoja hiyo si ya kubeza, na mwenye kuishi pwani ana ushahidi wake karibu: mikoko husimama katika maji ya bahari kwa sababu mizizi yake huzuia sehemu kubwa ya chumvi. Hata hivyo, ulambe jani la mchu wakati wa jua kali, utaonja chumvi iliyopita mizizini na kutolewa kupitia majani. Hata kizuizi kilicho imara kiasi hicho hakizibi kila kitu.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi. Mwaka 2009 watafiti walieleza aina ya Arabidopsis, kijimea kinachotumika sana maabara, iliyokuwa na suberini kupita kiasi kwa sababu ya kasoro katika jeni iitwayo ESB1. Mimea hiyo ilichelewa kunyauka, lakini majani yake yalikuwa na upungufu wa kalisi, manganizi na zinki. Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba suberini huunyima mmea chakula. Lakini mwaka 2013 ilionekana kwamba jeni hiyohiyo inahitajika katika kujenga mkanda wa Caspary wenyewe, kwa hiyo mimea ile ilikuwa na mkanda mbovu pamoja na suberini ya ziada, na si haki kuibebesha suberini lawama yote.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, mwaka 2016. Mmea ukikosa chuma, zinki au manganizi, homoni ya ethilini husababisha suberini ipungue. Ukikosa potasiamu au salfa, homoni nyingine, asidi ya absisiki, huiongeza. Kwa maneno mengine, mmea wenyewe haukubali unene mmoja wa kudumu, bali huufungua na kuufunga ukuta kulingana na njaa uliyo nayo. Ndiyo maana naona kosa la mpango wa kuongeza suberini si nia yake, ila ni pale unapopima wingi wake tu. Katika udongo wenye chumvi au ukame, ukuta mnene unaweza kulipa gharama yake. Katika shamba lililokwisha zinki, mbolea ikiwa haba, mkulima atapata mzizi uliojifungia nje chakula kidogo kilichopo.

Kipimo cha kufaa zaidi ni uwezo wa ukuta kubadilika, na hapo kuna jambo dogo ambalo wazalishaji wa mbegu hawapaswi kulipita. Hata katika mzizi uliokwisha kupakwa suberini, mkabala na zailemu, yaani mirija ya maji, huachwa seli chache zisizopakwa, za mapito. Mbegu ambayo itazipaka nazo suberini, ipimwe zinki na kalisi kwenye majani kabla ya kusifiwa kwa kaboni iliyohifadhi.