Orodha Tuliyoijaza Wenyewe

Mwaka 2015 Under Armour, kampuni ya nguo za michezo ya Marekani, iliinunua MyFitnessPal, programu ya simu ya kuhesabu kalori za chakula, kwa dola milioni 475. Mwaka 2020 ikatangaza kuiuza kwa kampuni ya uwekezaji ya Francisco Partners kwa dola milioni 345. Wachambuzi wa masoko walizungumzia sana hasara hiyo. Mimi kinachonikera ni kile chenyewe kilichokuwa kikiuzwa.

Mali kubwa ya programu ile ni orodha ya vyakula, na sehemu kubwa ya orodha hiyo imejazwa na watumiaji. Mtu anapika kwake, anapima, anaandika, na mwenzake wa mbali akitafuta chakula kilekile anakikuta. Walifanya hivyo miaka na miaka bila kulipwa hata senti. Halafu Oktoba 2022 kampuni ikaamua kwamba kuskani msimbo wa bidhaa (ile mistari myeusi kwenye pakiti) ili chakula kijiandike chenyewe, jambo lililokuwa bure na ndilo lililorahisisha kazi yote, sasa ni la kulipia: karibu dola 20 kwa mwezi, au 80 kwa mwaka. Hiyo naiita dhuluma. Gharama za kuendesha programu nazijua zipo, lakini wangetoza kwa huduma mpya, si kufunga mlango wa nyumba iliyojengwa na wapangaji.

Wenzao nao hawako mbali. Mwaka huohuo wa 2022 Noom, programu ya kupunguza uzito, ilikubali kumaliza kesi kwa dola milioni 62, baada ya wateja kulalamika kwamba walijiunga kwa majaribio, kisha wakajikuta wanakatwa pesa bila kuelewa jinsi ya kujitoa. Biashara inayotegemea mteja asahau kujitoa haina haja ya kuhakikisha hesabu ya sahani yake iko sawa.

Na hesabu hiyo ni rahisi mno kuharibika, hasa kwa vyakula vyetu. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori kama 360. Ukishapikwa kwa maji matupu, gramu 100 za wali zina kama 130. Ukichagua mstari usio sahihi umekosea karibu mara tatu, na hapo tui la nazi bado hatujaligusa. Chapati ndiyo balaa zaidi: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, na kila mpishi ana mkono wake. Tena chapati ya mama ntilie haina msimbo wa kuskani.

Kinachoniuma ni kwamba kazi ngumu imeshafanyika huku kwetu. Tanzania ina majedwali ya virutubishi vya vyakula ya mwaka 2008, yaliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Kenya ilitoa yake mwaka 2018 ikishirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Yanapatikana kwenye intaneti, na vyakula tunavyokula kila siku vimo ndani.

Vijana wanaotengeneza programu Nairobi na Dar es Salaam waanzie hapo badala ya kuiga orodha za Marekani. Watumiaji wakiongeza vyakula vyao, masharti yaseme wazi tangu siku ya kwanza kwamba orodha itabaki bure hata kampuni ikiuzwa. Programu ya namna hiyo, itakayoniuliza mafuta ni vijiko vingapi kabla ya kuniambia lolote kuhusu chapati yangu, nitailipia bila kusukumwa.