Oda Ihesabiwe Kaunta, Mfuko Ufungwe Mbele ya Dereva

Mteja wa Mbweni ameagiza biriani mbili za kuku, juisi mbili za ukwaju na kachumbari. Zinafika biriani mbili na juisi moja. Mkahawa unashikilia kwamba vyote vilitoka, dereva wa boda anasema mfuko alipewa umeshafungwa, na mteja hajui amwamini nani. Ugomvi wa aina hii ndio unaoisumbua zaidi kazi ya kupeleka chakula hapa Unguja, iwe oda imekuja kwa programu, kwa WhatsApp au kwa simu ya kawaida. Lawama hutupiwa barabara, lakini mara nyingi kosa limeshafanyika kaunta.

Je, dereva akague anachopewa, au achukue mfuko aende zake?

Wenye mikahawa wanaokataa ukaguzi wana hoja ya kusikilizwa. Dereva ametoka kushika usukani, helmeti na noti. Mikono hiyo haina shughuli ndani ya kontena la wali. Mteja naye akipokea mfuko uliofunguliwa, hata kama hakikupungua kitu, ataanza kuhesabu vipande vya mishkaki. Halafu kuna msongamano: madereva watano wakipanga vyakula vyao juu ya kaunta moja, mteja aliyekaa ndani anayetaka kulipa hapati hata pa kuweka mkono.

Hoja ya madereva ni nyepesi kuieleza na nzito kuijibu. Wao ndio wanaosimama mlangoni kwa mteja. Kikikosekana kitu ndio wanaoulizwa, na mara nyingine ndio wanaokatwa. Kurudi kutoka Mbweni hadi Mji Mkongwe kufuata juisi moja ni petroli, ni muda, na ni oda nyingine iliyompita.

Nionavyo, pande mbili hizi zinabishana juu ya vitu tofauti. Kufungua kontena ni jambo moja, kuhesabu makontena ni jingine. Mkahawa una haki ya kukataa la kwanza, lakini hauna sababu ya maana ya kukataa la pili. Kuhesabu kufanyike kabla mfuko haujafungwa: anayepakia asome risiti mstari kwa mstari, atie kitu kimoja kimoja huku dereva anatazama, kisha afunge na abandike risiti kwa nje. Kwa oda ya kawaida hiyo si kazi ya dakika nzima. Stika ni bora kuliko pini za stepla, kwa sababu pini ikichomoka inaweza kuangukia kwenye chakula. Na stika ivuke mdomo wa mfuko, isibandikwe ubavuni kama pambo, ili asiweze mtu kuufungua bila kuichana. Mifuko ikiwa miwili, iandikwe 1/2 na 2/2 kwa kalamu nene.

Vinavyosahaulika vinajulikana. Juisi husahaulika kwa kuwa ipo kwenye friji, haitoki jikoni pamoja na chakula. Chatini, pilipili na ndimu husahaulika kwa udogo wao. Kwa hiyo dereva akiuliza “Kila kitu kimo?” atajibiwa “Kimo” na mtu ambaye hakutazama. Akiuliza “Juisi ya pili imo?”, huyo itabidi ainame aangalie. Na oda itambuliwe kwa namba, si kwa jina la mteja peke yake. Jioni moja mjini hapa kina Fatma ni wengi mno.

Hata mfuko uliokwishafungwa una mambo ya kukagua. Dereva apitishe kiganja chini ya kitako: pembe moja ikiwa ya moto kupita nyingine, au ina unyevu, mchuzi unavuja. Hili lina uzito wa pekee kwetu. Zanzibar ilianza kupiga vita mifuko ya plastiki miaka mingi kabla ya Bara, ambako katazo lilianza Juni 1, 2019, na mzigo sasa unakaa kwenye karatasi au kitambaa. Karatasi ikilowa kitako hutoka, na hutoka njiani, si kaunta. Mfuko wa namna hiyo urudishwe palepale, bila kuona haya.

Urojo ndio mtihani mkubwa kuliko vyote. Ukitiwa kamili kwenye bakuli moja, ukifika Fuoni bajia zimelainika na zile chipsi nyembamba za muhogo zimekuwa uji. Rojo lenyewe liwe kwenye kontena lake lenye kifuniko cha kubana, lisijazwe hadi ukingoni. Bajia, kachori na viazi viwe kwenye kontena jingine. Chipsi za muhogo zifungwe peke yake kwenye karatasi. Chipsi za viazi nazo zikifungwa zikiwa za moto bila tundu la mvuke hujipika zenyewe upya na kulegea. Mpakiaji anayejua kazi huzitia mwisho, dereva akiwa ameshafika. Biriani haina shida hiyo: wali uliojazana hushika moto muda mrefu.

Na boksi lipakiwe pikipiki ikiwa imesimama kwa stendi ya katikati. Kwa stendi ya pembeni chombo kinalala kushoto, rojo nalo linalala kushoto, na dereva anafunga boksi akidhani limekaa sawa. Juisi ya barafu isigusane na chakula cha moto, la sivyo hiki kitapoa na ile itapata joto.

Kungoja ni kesi nyingine, na hapa madereva nao wana lao la kujibu. Wapo wanaobonyeza “nimefika” wakiwa bado Michenzani ili jiko liharakishe. Jiko likishadanganywa mara mbili haliharakishi tena, au linaharakisha na chakula kinakaa kaunta kinapoa. Kwa upande wa pili, mkahawa unaosema “dakika tano tu, shekhe” na kumweka mtu nusu saa unakula riziki ya mwenzake, maana dereva hulipwa kwa safari, halipwi kwa kusimama. Kiasi kinachofaa ni hiki: dakika kumi za kungoja ni za kazi, zikipita, dereva aulize mara moja dakika halisi zilizobaki na amjulishe mteja, zikifika ishirini bila jibu la kueleweka, ana haki ya kuiachia oda. Mwenye oda nyingine kwenye boksi asingoje hata hizo kumi, kwa sababu chakula kilichopikwa hakitakiwi kuachwa kipoe kwa saa nyingi. Kipimo kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani ni saa mbili kwenye joto la kawaida.

Mwezi wa Ramadhani hesabu hizi hubadilika. Oda zote zinataka kufika kabla ya adhana ya magharibi, na jiko haliwezi kuzitoa zote saa 12 kasorobo. Mkahawa wenye akili hupanga oda za mbali zitoke kwanza, Fuoni kabla ya Vuga, hata kama ya Vuga iliingia mapema. Wateja wa karibu watalalamika. Lakini wa mbali akiachwa nyuma atafuturu kwa tende na maji.

Ndani ya Mji Mkongwe kuna dakika ambazo hakuna anayezihesabu. Mikahawa mingine imo kwenye vichochoro ambavyo boda haipiti, au ikipita inaziba njia ya mkokoteni na ya watu. Dereva huiacha Darajani au Malindi na kutembea. Mkahawa unaolalamika kwamba pikipiki zinajazana mlangoni usimlaumu basi aliyeegesha mbali akachelewa dakika nne.

Kuhusu oda ambayo dereva anailipia mkahawa kwanza na kurudishiwa na mteja: asiondoke bila risiti yenye namba ya oda, na akilipa kwa simu, keshia atazame salio la simu yake mwenyewe, si meseji anayoonyeshwa.

Kilichobaki ni nani alipe kikipungua kitu. Stika nzima na kitu hakipo, mkahawa ulipe. Stika imechanika, dereva alipe. Mfuko haukuwa na stika kabisa, mkahawa ulipe pia, maana ndio uliochagua kutofunga. Ladha, chumvi na nyama isiyoiva havimhusu dereva kwa hali yoyote. Wauzaji wa mabanda kama ya Forodhani, wasio na stika wala mashine ya risiti, waandike idadi ya vitu juu ya mfuko kwa kalamu, na dereva apige picha ya mfuko ukiwa juu ya meza kabla hajaushika.