Tanga 1914: Simla au London?

Kiswahili kinatumia neno moja, mzinga, kwa nyumba ya nyuki na kwa silaha ya kurushia makombora. Sijui vita vingine ambavyo maana hizo mbili zilikutana kama Tanga tarehe 4 Novemba 1914. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imeanza, na jeshi lililotoka India chini ya Waingereza lilikuja kuuteka mji huo uliokuwa wa Wajerumani. Liliiacha mizinga yake ya milimani juu ya sitaha ya meli, ikawa inafyatuliwa kutoka baharini bila wapigaji kuona vizuri wanampiga nani. Mizinga ya aina ya pili ilikuwa inaning'inia mitini, kati ya Raskazone na mji. Risasi zikaipasua, nyuki wakatoka kwa hasira, na askari wa kikosi cha 98 cha jeshi la India wakatawanyika huku wakijipiga vichwa na shingo. Baadaye ilienea hadithi kwamba Wajerumani waliwatega nyuki kwa nyaya. Si kweli. Nyuki hawakuangalia bendera: bombomu (bunduki za rashasha) za Wajerumani nazo zilinyamaza kwa muda kwa sababu ya wadudu hao hao.

Hesabu ya mapigano yale ni ya aibu. Meja Jenerali Arthur Aitken alikuja na watu wapatao 8,000. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewashusha askari wake kwa treni kutoka Moshi, alikuwa na kama 1,000. Siku iliyofuata Aitken alikuwa anawarudisha watu wake melini, akiwa amepoteza zaidi ya 800 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Ufukweni aliacha mamia ya bunduki, bombomu 16 na risasi zinazokaribia 600,000. Askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani, wengi wao wakiwa bado na bunduki kuukuu zinazotoa wingu la moshi kila zikilia, wakajipatia silaha mpya bila kulipa senti.

Tarehe 22 Novemba 1914, London ilichukua hatua. Vita vya Afrika Mashariki vikaondolewa mikononi mwa wakuu wa India vikapelekwa Wizara ya Vita. Maana yake ilikuwa wazi: kosa ni la Simla, mji wa milimani ambako serikali ya India ilihamia kila kiangazi. Je, hukumu hiyo ilikuwa ya haki?

Wanaoiunga mkono wana hoja nzito. Jeshi la India liliundwa kulinda mpaka wa kaskazini-magharibi na kutuliza ghasia za ndani. Tangu uasi wa 1857, Waingereza hawakupenda kumpa askari wa Kihindi silaha mpya kabisa, na mizinga mingi waliiweka mikononi mwao wenyewe. Baadhi ya vikosi vya Aitken vilipewa bunduki za kisasa siku chache tu kabla ya kupanda meli. Msafara uliondoka Bombay tarehe 16 Oktoba, watu wakasongamana melini kwa wiki kadhaa, na baadhi ya makamanda hawakuwa na muda wa kuwafahamu watu waliopewa kuwaongoza. Aitken mwenyewe alikuwa amekaa India miaka 35. Huko alikuwa amejenga imani kwamba askari mweusi si adui wa kuhangaikia. Mombasa alitolewa msaada wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari Waafrika, watu waliozijua njia na lugha za nchi hii, akaukataa. Wala hakupeleka wapelelezi wa maana kabla ya kuteremsha watu.

Lakini ukigeuza upande wa pili wa sarafu, lawama hazikai sawa. Mwezi Oktoba 1914 India ilikuwa inatoa majeshi pande zote kwa wakati mmoja, kwa maombi ya London. Jeshi A lilikwenda Ufaransa na kuondoka na vikosi vilivyo bora. Jeshi B ndilo la Aitken. Jeshi C lilitumwa kulinda upande wa Kenya, Jeshi D likaelekea Ghuba ya Uajemi. Brigedi ya Poona, ambayo Aitken aliijua na aliyotarajia kuja nayo, ilielekezwa Ghuba, na tarehe 6 Novemba, siku moja baada ya aibu ya Tanga, ilikuwa inateremka Fao, kwenye mlango wa Irak. Aliyopewa badala yake ilikuwa kama timu iliyokusanywa asubuhi ya mechi.

Kisha kuna suala la manowari. Mwezi Agosti wanamaji wa Kiingereza walikuwa wamefanya mapatano ya kutoshambuliana na watawala wa Tanga na Dar es Salaam. London haikuyaidhinisha, lakini Kapteni Caulfeild wa manowari HMS Fox alishikilia kwamba lazima Wajerumani waarifiwe kuwa mapatano yamekufa. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba akaingia bandarini, akamwita mkuu wa wilaya, Auracher, akamtaka asalimishe mji. Akamuuliza pia, kwa uungwana wote, kama bandari imetegwa mabomu. Auracher akaomba muda wa kushauriana, akarudi nchi kavu, akavaa sare ya jeshi. Fox ikabaki inatafuta mabomu ambayo hayakuwapo. Na kule juu, kwenye reli ya Usambara, treni zinateremka.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Meli zilikuwa za wanamaji, KAR walikuwa chini ya Wizara ya Makoloni, msafara ulikuwa wa India, na ramani ya vita ilichorwa London. Wapo wanaosema hapo ndipo kosa lilipo, si Simla wala kwa Aitken.

Mimi methali hiyo naipenda, ila hapa haitoshi. Wajerumani nao walikuwa na manahodha wawili. Gavana Heinrich Schnee ndiye aliyekuwa mkubwa kisheria, na hakutaka miji ya pwani ipiganiwe ikabomolewa. Lettow-Vorbeck akafanya alivyotaka. Mvutano wao uliendelea miaka yote minne na haukumzuia Lettow kushinda Tanga. Kwa hiyo kamandi mbili pekee haziangushi jeshi.

Kipimo cha haki ni kutazama kilichotokea baada ya London kushika usukani. Januari 1915, miezi miwili tu, kikosi cha Wahindi kilizingirwa Jasin, mpakani kaskazini ya Tanga, kikaishiwa risasi na kusalimu amri. Mwaka mzima wa 1915 ukapita bila ushindi mkubwa wa nchi kavu. Halafu ikaja Salaita, karibu na Taveta, tarehe 12 Februari 1916. Safari hii walioshambulia walikuwa Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini, wazungu waliokuwa wakiwabeza Wahindi waziwazi. Askari weusi wa Lettow wakawashambulia kwa visu vya bunduki, nao wakakimbia. Waliosimama imara kuwakinga walikuwa Wabaluchi wa kikosi cha 130, cha jeshi la India. Anayedai kwamba Tanga ilipotea kwa sababu ya aina ya askari aeleze Salaita kwanza. Hata Tanga kwenyewe, Wakashmiri waliingia mpaka ndani ya mji pamoja na Waingereza wa Lancashire, wakati wengine walivunjika.

Irak, ambako vita navyo vilianza chini ya wakuu wa India, inatoa ushahidi wa upande wa pili, na hapo watetezi wa London wanapata nguvu. Jenerali Townshend alisonga kuelekea Baghdad mwaka 1915 akiwa na mashua chache mno za mtoni na huduma duni kwa majeruhi, akarudishwa nyuma na Waturuki, akazingirwa katika mji wa Kut tangu Desemba, na tarehe 29 Aprili 1916 akasalimu amri pamoja na watu kama 13,000. Tume ya uchunguzi ililaumu sana wakuu wa India, na mwaka 1917 waziri wa Uingereza aliyeshughulikia India, Austen Chamberlain, akajiuzulu. Wizara ya Vita ilipochukua vita vile, ikaleta mashua, ikapanua bandari ya Basra, ikatandika reli. Jenerali Maude akaingia Baghdad tarehe 11 Machi 1917.

Ila tazama vizuri nani aliingia Baghdad. Wengi walikuwa Wahindi wale wale, kutoka jeshi lile lile. Kilichobadilika ni mashua, reli na dawa. Na safari ya kwenda Baghdad ya 1915 ilikuwa imebarikiwa na baraza la vita la London, lililokuwa na njaa ya ushindi baada ya kukwama Gallipoli, Uturuki. Simla ilikuwa bahili, kweli, lakini London iliagiza safari na kuacha nauli idaiwe na mwingine. Hapo ndipo ninapoegemea: Irak ilipata kamandi mpya pamoja na vyombo, Afrika Mashariki ikapata kamandi mpya na sahihi mpya kwenye karatasi.

Vyombo vya huku vilikuwa mabega ya watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria chini ya amri ya Wizara ya Vita, si ya Simla, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, bado linatamkwa kila siku Dar es Salaam na wanaokwenda kununua nyanya Kariakoo.

Aitken aliitwa Uingereza, akashushwa cheo kuwa kanali na kukatwa mshahara nusu. Warithi wake walihangaika na wanajeshi wa kila aina mpaka wakafika kwa wale aliowakataa Mombasa. KAR walikuwa na batalioni 3 mwaka 1914. Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia), Novemba 1918, walikuwa nazo 22.