Kabla ya kununua kisanduku cha kupunguza umeme, soma mita yako

Kuna kisanduku kidogo chenye taa ya kijani kinachouzwa mitandaoni. Unakichomeka kwenye soketi, eti uniti za LUKU zinadumu mara mbili. Wenzangu kadhaa wenye maduka wamekinunua, na inaniuma, maana hizo ni fedha za mtaji zimekwenda bure. Ndani yake huwa na kapasita ndogo tu, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi. Kapasita ina kazi yake viwandani, kwa wateja wakubwa wa TANESCO wa makundi ya T2 na T3 ambao hutozwa pia kwa kVA, yaani ukubwa wa mzigo wanaouvuta kwa mkupuo. Sisi wa T1, wenye saluni, bucha na vioski, tunalipia uniti tulizotumia, basi. Hesabu hiyo kisanduku hakiigusi.

Uniti moja ya T1 ni shilingi 292. Ukiongeza VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika kama 356. Ndiyo maana elfu kumi hukupa uniti 28.

Mimi nauza vinywaji. Nina friji mbili za milango ya vioo na friza moja. Siku moja niliandika salio la mita wakati wa kufunga, nikaandika tena alfajiri kabla sijafungua. Uniti tano zilikuwa zimekwenda, na usiku kucha hakuna mteja aliyefungua mlango wa friji! Siku mbili zilizofuata nikachomoa friji moja moja wakati wa kufunga, nikalinganisha. Ile ya zamani ndiyo iliyokuwa inakula umeme. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea: ukibana noti ya elfu moja mlangoni, inachomoka yenyewe. Nyuma kulikuwa na vumbi zito, na friji nilikuwa nimeisukuma hadi ukutani, joto halina pa kutokea.

Nikaweka mpira mpya, nikasafisha kwa brashi, nikaivuta mbele kidogo. Matumizi ya usiku yakashuka hadi uniti tatu. Uniti mbili kila usiku ni zaidi ya shilingi 21,000 kwa mwezi, na sikununua mtambo wowote.

Kisha nikanunua soketi yenye saa, inayojizima na kujiwasha kwa muda unaoupanga. Soda na maji haviharibiki vikipoteza ubaridi usiku. Friji zikiwaka saa kumi alfajiri, wateja wa asubuhi wanakuta vinywaji vya baridi. Friza siizimi, na mwenye maziwa au nyama asijaribu kabisa.

Wengi huniuliza kuhusu sola. Naipenda, na ipo siku nitaifunga. Lakini fundi mzuri akija, swali lake la kwanza ni unatumia uniti ngapi mchana na ngapi usiku. Kama huna daftari atakisia, na betri utakayoilipia itatokana na kisio lake. Mimi ningemwita kabla ya kubadilisha ule mpira, ningenunua betri ya kulisha mlango usiofunga.