Sandwichi za mkahawani kwangu, mali kauli nimeacha

Juzi kuna kijana kanifuata, anataka kufungua kimgahawa cha kahawa kule Paje, ananiuliza eti kaka sandwichi unazitoa wapi. Nikamwambia kwanza nambie utazilipaje. Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Kibanda changu mie kiko ndani ya Mji Mkongwe, kichochoro cha kupishana watu wawili, ikija vespa mmoja ajibanze mlangoni kwa watu. Meza nne, mashine moja ya espreso, friji ndogo ya maziwa. Jiko sina na sitakuwa nalo, maana mji huu umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, huwezi ukaamka tu ukatoboa ukuta wa mawe upitishe bomba la moshi kwa sababu unataka kukaanga mayai. Kwa hiyo chakula lazima kitoke nje. (Wazee wa kahawa pale Jaws Corner hawana shida hii, kahawa chungu na kashata, basi, mtu karidhika. Lakini mteja anokunywa kapuchino anataka na kitu cha kutafuna, na kashata nimejaribu, haimshibishi.)

Mwanzo nilikuwa nachukua kwa kampuni moja ya Dar, silitaji jina, zile zilokatwa pembetatu ndani ya plastiki, zinakuja na boti ya asubuhi. Kuzitazama nzuri hasa. Sasa siku bahari imechafuka boti ikachelewa zinafika saa tano, watu wa chai ya asubuhi washakwenda zao, halafu umeme nao ukikatika ndio umekwisha. Wenye umri wangu wanaukumbuka ule wa Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima miezi mitatu tunaishi kwa majenereta, na siku hizi haukatiki vile lakini kuku na mayonaizi havihitaji miezi mitatu, joto la huku masaa mawili tu nje ya friji ushaanza kucheza na tumbo la mtu. Nikazitupa mara tatu. Ya nne sikuagiza.

Ndipo nikampata mama mmoja wa Michenzani. Huyu anachukua mkate wa boflo alfajiri unatoka tanurini, jodari kashamchemsha usiku na ndimu, thomu na pilipili manga, anamchambua, halafu anapaka siagi pande zote mbili za mkate ndio anatia samaki. Mie nikadhani ile siagi mbwembwe, kumbe inazuia maji ya samaki yasiingie kwenye mkate, na kwa unyevu wetu huu boflo likilowa saa mbili, saa nne lishakuwa uji. Tungule, yaani nyanya, hatii kabisa, ananiletea mbali kwenye kibakuli nakata mwenyewe mteja akishaagiza. Huo ujuzi hukuupata kwenye plastiki ya pembetatu.

Tukaanza kwa mali kauli, kama kila mtu anavyochukua sambusa na kachori. Analeta ishirini asubuhi, jioni nalipa zilizouzwa, zilobaki anachukua. Kwangu raha tupu, kabati limejaa, likibaki si langu. Wiki ya tatu nikaona samaki anapungua ndani ya mkate, mteja mmoja akaniambia leo nimekula boflo na harufu ya samaki. Nikamuuliza mama kwa adabu, akacheka.

"Mwanangu, jana umenrejeshea tisa. Samaki wa zile tisa kalipa nani?"

Sikuwa na jibu. Kweli kalipa yeye, na mtu akilipa hasara yangu kila siku lazima ataitafuta pahala, na pahala penyewe ni ndani ya mkate wangu. Sambusa iliyobaki utaipasha moto uuze usiku, boflo la samaki la asubuhi utalipeleka wapi?

Basi sasa nanunua taslimu, nachukua kumi na mbili tu, elfu tatu tatu, nauza elfu tano. Zikibaki mbili nimelipa 36,000 nimepata 50,000, mkononi 14,000, na zile mbili anakula kijana wangu wa mashine. Ningechukua zile ishirini za zamani kwa taslimu nikauza kumi, nimelipa 60,000, nimekwenda hasara ya 10,000. Mali kauli ndiyo ilokuwa inanificha hesabu hii! Nilikuwa naagiza kama mwendawazimu kwa sababu pesa si zangu.

Najua mtu atasema mtaji wangu mdogo, siwezi kulipa kabla sijauza. Sawa, chukua sita. Kabati tupu saa sita mchana linaonekana vibaya, hilo nakubali, siku mbili za mwanzo watu walininunia, lakini siku ya tatu walikuja saa mbili na nusu kuwahi. Masika watalii wakipungua nashuka mpaka nane. Na sandwichi ni aina moja tu, samaki, asokula samaki kuna mkate wa mayai. Nilijaribu aina nne nikaishia kutupa aina tatu.

Samaki karudi kujaa mkateni, hilo sikumuomba.

Sasa Ramadhani inakuja, mchana tunafunga, boflo halina kazi. Mama kashaniambia atanletea sambusa za usiku baada ya tarawehe, nikamtolea pesa kabisa nimlipe ya mwanzo, kakataa. "Sambusa zangu hizo nipe mali kauli tu mwanangu, hazirudi hata moja."