Paka wa Jirani na Jina la Korona

Ijumaa iliyopita asubuhi, kwenye baridi ya Julai ambayo mtu wa Mbeya haelezewi, jirani yangu alimtia paka wake ndani ya kiroba cha unga, akakifunga mdomo kwa kamba, akampa bodaboda elfu tatu akamtupe huko mbele ya Igawilo. Mbali, asije akajua njia ya kurudi. Kosa la paka: ana korona.

Nilikuwa nafua. Nilimwona kijana wa bodaboda anakipakata kile kiroba juu ya tenki, kinatikisika, nikadhani ni kuku. Jioni ndipo binti wa jirani, wa darasa la pili, akaja kuniuliza, "Anti, eti Pusi amelazwa?"

Kisa chenyewe ni hiki. Pusi alikuwa na wiki mbili tumbo limejaa, mgongo umebaki mifupa, chakula anakinusa na kukiacha. Bwana mifugo aliyekuja kumwona ng'ombe wa nyumba ya tatu akaombwa amtupie jicho na paka. Akamminya tumbo, akasikia maji yanacheza, akasema, "Hii inaonekana ni korona ya paka." Akawasha pikipiki akaenda zake. Ndaga fijo, asante sana, bwana mifugo! Sentensi moja imemfukuza kiumbe nyumbani kwake. Dakika tano za kueleza zingekupunguzia nini?

Maana korona ya paka ni ya paka. Haimpati mama, mtoto wala mbwa. Ni kirusi kinachokaa kwenye utumbo wa paka na kupita kwa kinyesi, hasa pale paka wanapokaa wengi na kutumia choo kimoja. Wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi chochote, au wanahara siku mbili tatu yanaisha. Ila kwa paka wachache, wengi wao wadogo wasiotimiza miaka miwili, kirusi kinabadilika humo humo ndani ya mwili na kuwa kitu kingine kabisa: tumbo linajaa maji, homa haishuki, mnyama anakonda huku unamwona kama ananenepa. Madaktari wa wanyama wa Marekani waliuandika ugonjwa huo mwaka 1963. Mwaka 1963! UVIKO ulikuwa haujazaliwa, na Tanganyika ilikuwa bado haijaungana na Zanzibar.

Sasa ngoja niseme kilichonichemsha zaidi. Jirani yangu huyu huyu anafuga kuku wa mayai, mia mbili na ushee, nyuma ya jikoni. Na kila kundi jipya la vifaranga likiingia, anakwenda dukani kununua chanjo, ile ya mdondo iliyochanganywa na IB. Nimemsaidia mara mbili kuitayarisha. Unawanyima kuku maji saa kadhaa wapate kiu, unatia maziwa ya unga kidogo kwenye ndoo ili dawa ya maji ya bomba isiiue chanjo, unakoroga, unamimina kwenye vinyweshea, unasimama kuhakikisha kila mmoja amekunywa. Hiyo IB, ndugu zangu, ni korona. Korona ya kuku. Ndiyo inayowafanya wakorome usiku na kutaga mayai yenye ganda lililojikunja kama ngozi ya bibi. Ilijulikana Marekani tangu miaka ya 1930. Na chanjo tuliyokuwa tunakoroga kwa mwiko ilikuwa na kirusi hai kilichodhoofishwa, mikono mitupu, bila barakoa, huku tunasimuliana habari za kikoba. Mbona hakuna kuku aliyepandishwa bodaboda?

Kwa sababu kwenye chupa pameandikwa IB. Pangeandikwa korona, banda lingechomwa moto.

Korona ni jina la ukoo. Hapa Mbeya akina Mwa-nani na Mwa-nani wamejaa kuanzia Mwanjelwa mpaka Kyela. Mmoja akikukopa asikulipe, huendi kumdai kila mwenye jina linaloanza na Mwa. Ndama anayehara kule Rungwe anaweza kuwa na korona ya ng'ombe. Mafua ya kawaida ya binadamu, yale ya tangawizi na limao, mengine yanaletwa na korona nne tofauti ambazo zimekaa nasi miaka na miaka. Ukoo ni mkubwa, na wengi wao hawana habari na wewe.

Najua kuna atakayeniletea ya Hong Kong. Sawa, tuyaseme. Februari 2020 mbwa mmoja wa Hong Kong, mzee wa miaka 17, alipimwa akakutwa na kirusi cha UVIKO. Aprili mwaka huo huo, chui milia wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, naye. Paka wa nyumbani wanaupata, tena kwa urahisi kuliko mbwa. Kuku na nguruwe hawaupati. Lakini waliupata wapi? Kwa mwenye nyumba anayekohoa juu ya kochi na paka yuko kifuani. Kwa mhudumu wa bustani. Sisi ndio tuliowapelekea, na wengi walipiga chafya kidogo wakapona. Ndiyo, Thailand mwaka 2021 paka alimpigia chafya daktari wa wanyama usoni na daktari akaugua, nakubali, imetokea. Ila hata huyo paka alitoka kwenye nyumba ya wagonjwa. Ukiwa na UVIKO, wa kutengwa na mwenzake ni wewe.

Na kama mtu anatafuta ugonjwa wa kuogopa kutoka kwa mnyama wa nyumbani, kichaa cha mbwa kipo, kinaua, na mbwa wanaozurura hapa mtaani sijawahi kuona mtu akiwapeleka chanjo.

Nilikwenda kumwambia jirani haya yote. Nilikwenda na hasira zangu zimepangwa, nikaanza na kuku, kwa kejeli kabisa. Akanisikiliza huku anamenya viazi. Nilipomaliza akasema, "Dada, wewe hukumzika kaka yangu?"

Nilimzika. Februari 2021, mimi na mtaa mzima, tumejazana turubai moja. Ikasomwa kwamba marehemu amefariki kwa changamoto ya upumuaji, na kila aliyekaa pale alijua changamoto hiyo ina jina, na hakuna aliyelitaja. Miezi tisa nyuma yake tulikuwa tumeambiwa mbuzi na papai wamepimwa wakakutwa nayo, tukacheka mpaka machozi. Basi jina likabaki hivyo, mara mzaha, mara mwiko, hakuna aliyeketi na huyu mama akamwambia ni kitu gani, kinatoka wapi na kinaingiaje. Leo linatajwa waziwazi, mchana kweupe, ndani ya nyumba yake, na anayelitaja amemshika paka wake tumbo.

Sikuwa na la kusema. Lakini bado nina hasira, sitadanganya. Mwaka 2023 paka wa kisiwa cha Kupro walipokufa kwa wingi kwa korona yao, serikali ya kule ilitoa vidonge ilivyokuwa imeviweka akiba kwa wagonjwa wa UVIKO, wakapewa paka. Dawa ya binadamu ikaenda kwa paka! Sisemi Pusi angepona. Dawa zenyewe sijaziona kwenye duka lolote la mifugo hapa Mbeya, na bila dawa ugonjwa ule haumwachi paka. Angekufa. Ila angefia kwenye boksi lake pembeni ya jiko la mkaa, mtoto akamzika nyuma ya banda.

Jumapili nilimpata yule kijana wa bodaboda, akanipeleka. Alikuwa amekifungua kiroba, walau hilo. Tuliita kwenye migomba mpaka jua likazama, hatukupata kitu.

Jana jirani amenipigia hodi. Panya wametoboa gunia la mahindi, la pili sasa, anauliza kama namjua mtu mwenye kitoto cha paka. Nimemwambia nitaulizia. Sijaulizia.