Rivasi ya Keko

Ukinunua kitanda Keko, bei ya usafiri inaweza kukutia wazimu, ndiyo maana niliazima Kirikuu ya shemeji, kile kipikapu kidogo cha mizigo. Gari langu ni otomatiki: unavuta kwenye R, unarudi, maisha yanaendelea. Shemeji alinikabidhi ufunguo na maelezo mafupi: "Rivasi iko chini ya namba tano. Usiilazimishe."

Kitanda kimeshapakiwa, kichochoro chembamba, mbele lori la mbao limeziba njia. Dereva wake akapunga mkono: rudi wewe, mdogo. Nikakanyaga klachi, nikaingiza.

KRRRRRR!

Seremala mmoja akafoka: "Nani kawasha mashine ya randa?"

Nikarudia. Randa ikanguruma tena. Na Dar ukisaga gia umeshaitisha mkutano. Jezi ya Yanga upande wa kulia: "Vuta kwa nguvu, kaka!" Jezi ya Simba kushoto: "Usimsikilize huyo, taratibu!" Wakaanza kubishana wao kwa wao, mara mechi ya mwisho ya watani ikaingia humo, mimi nikasahaulika. Mama lishe hakutoa ushauri wowote. Alisogeza sufuria la maharage, kisha benchi, kisha mteja.

Mzee mmoja mwenye kibaraghashia akaja dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usiichokoze hiyo. Namba za mbele zina sinkronaiza, inalinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Rivasi ya gari kama hili haina. Meno yake yamenyooka tu, yakikuta shafti bado inazunguka yanagongana. Kanyaga klachi mpaka chini, weka namba moja kwanza, shafti itulie, ndipo uingize rivasi."

Nikaweka namba moja. Mguu uko kwenye klachi, nimekandamiza kisawasawa, na gari likaanza kujiendea lenyewe kumfuata dereva wa lori! Nikapiga breki, kitanda kikagonga kichwa cha gari. Mama lishe akamsogeza mteja tena.

"Klachi haikati, haitenganishi injini na gia," mzee akasema. Akafungua mlango, akainama miguuni pangu, akapapasa, akachomoa kandambili ya bluu iliyoteleza kutoka chini ya kiti na kujibana nyuma ya pedeli. Ya shemeji, mguu wa kushoto. Ndiyo ile aliyomsingizia mtoto wa jirani.

Baada ya hapo rivasi iliingia bila hata kukohoa. Nikarudi nyuma kwa kwaya ya kichochoro kizima: "Njoo, njoo, lala kulia, njoo!" Hata Simba na Yanga walikubaliana.

Lori likasogea hadi karakana ya mwisho. Dereva akatoa kichwa, akamtaja fundi anayempelekea mbao.

"Huyo yuko kichochoro cha pili, bosi."

Akasonya, akaweka rivasi. KRRRRRR!

Mzee, kandambili ingali mkononi, akamwendea polepole. "Mwanangu, hebu angalia kwanza kama viatu vyako vimetimia."